Maksai Aliyepelekwa Harusini

Mwaka 1977, nikiwa na miaka kumi na miwili, ng'ombe wa baba walikufa kwa ndigana, karibu zizi zima, na shule yangu ikaishia hapo. Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu alikuja nyumbani kwetu Sapiwi kuuliza kwa nini sionekani, baba akamwonyesha zizi, mwalimu akageuza baiskeli akaenda zake. Kwa hiyo nawaambia mapema: anayewaandikia hana cheti cha aina yoyote. Herufi nilizonazo nilizikuza mwenyewe kwa kusoma karatasi za kaseti. Kama unataka mtu mwenye cheti, funika hapa ukamtafute.

Naandika kwa ajili yenu mnaorekodi kwa simu, mnaopiga picha, mnaotunga, mnaotupa kazi mtandaoni kabla haijapoa, halafu mnakuja dukani kwa binti yangu Limi mnalia kwamba mmeibiwa. Mnalia vizuri sana. Mngejilinda vizuri hivyo tungekuwa na amani.

Mimi ni Nkwimba. Hapa Bariadi wananijua kama Mama Limi wa kaseti. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kurekodi nyimbo za ngoma za Kisukuma, Bariadi, Itilima, Maswa na kurudi. Nilianza na kaseti, nikaja kwenye CD, kisha memori kadi, na mwisho chaneli ya mtandaoni. Nimestaafu sasa, lakini kutulia sijui. Bodaboda ikipita na spika nainuka kwenda dirishani kusikiliza huo wimbo ni wa nani. Wajukuu wanacheka. Waache wacheke. Wakimaliza kusoma hii watajua kwa nini nainuka.

Chaneli yetu ilikaribia kufutwa kwa sababu ya maksai mmoja aliyekufa zamani. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Lakini lazima nianze na Mzee Luhende, maana bila yeye nisingekuwa na cha kufutwa.

Luhende alikuwa fundi redio sokoni hapa Bariadi, mtu wa maneno machache na ugoro mwingi. Mimi nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa wa shangazi yangu. Siku moja nikatumwa kwake kufuata redio ya mgahawa. Nikaikuta imefunguliwa mezani, waya nje kama utumbo wa kuku, nikasimama kutazama. Nikasahau nimetumwa. Shangazi akaja na mwiko mkononi.

"Luhende, huyu mtoto hasikii?"

"Anasikia mno," Luhende akasema. "Niachie."

Shangazi akaniacha, nadhani kwa sababu nilikuwa navunja vikombe.

Kwanza nilishika bisibisi, kisha pasi ya kuchomelea waya, kisha ile mashine yake ya kurekodi, ambayo aliifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga. Safari yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa mnadani Nkoma, ngoma imepamba moto, manju anaimba. Manju ndiye mtunzi na kiongozi wa ngoma, kama hujui. Nikarekodi mchana kutwa. Nimerudi, Luhende anatia betri mpya, anabonyeza, sauti zinatoka kama vifaranga. Manju mzima na kifua chake, analia pii pii pii. Betri zangu zilikuwa zimechoka, mashine ikawa inazungusha utepe polepole wakati wa kurekodi, sasa ukicheza kwa nguvu kamili kila kitu kinakimbia. Sokoni walinicheka mpaka pamba ya mwaka ule ikavunwa. Siku hizi simu zenu hazina tabia hiyo, lakini bado mnaniletea kazi zilizorekodiwa upepo ukipiga. Kivishe kinasa sauti soksi, nani anakuona.

Jambo kubwa alilonifundisha Luhende halikuwa la betri. Alisema kabla wimbo haujaanza, manju asimame mbele ya mashine aseme yeye ni nani, mwana wa nani, analala wapi, na leo kumetokea nini. Chochote. Kama mvua imenyesha aseme. Kama kagombana na mkewe aseme.

"Kwa nini nijaze utepe na ugomvi wa watu?" nikamuuliza.

"Kwa sababu wimbo mtu anaweza kuuiga. Asubuhi ya mtu mwingine hawezi."

Na ukimaliza kurekodi, alisema, vunja vile vijino viwili nyuma ya kaseti, ili mtu asirekodi juu yake. Nilivivunja kwa meno, mpaka leo jino moja la mbele limelegea. Kweli, mtu akitaka anaziba tundu kwa karatasi na kurekodi juu yake vilevile. Lakini lazima atafute karatasi, aikunje, aisukume ndani. Wakati anakunja anajua anachofanya. Hicho tu ndicho unachoweza kumfanyia mwizi: mfanye ajue kwamba anaiba.

Sasa Jilala. Huyu ni manju wa Nkoma, mrefu, mkali, bado yu hai wakati naandika na nikimwita mzee tutagombana. Alikuwa na maksai aliyeitwa Machimu, yaani mikuki, kwa ajili ya pembe zake. Machimu alivuta plau miaka mingi bila kuchapwa. Unamfunga nira, unasema neno, anakwenda. Siku moja aling'atwa na nyoka katikati ya mtaro, akakaa chini taratibu na plau nyuma yake, akafa. Jilala akamtungia wimbo.

Wimbo wenyewe unakwenda mbio, maana Machimu alikuwa na mwendo wa haraka, na mtu asiyejua Kisukuma cha ndani atadhani ni wa furaha. Lakini maneno yanasema: uliyevuta bila fimbo, leo tunagawana mbavu zako, ngozi yako iko juani, pacha wako wa nirani anakuita na sisi tunakula. Jilala hakuuimba ngomani. Aliuimba nyumbani kwake, siku ya kuchinja au ng'ombe akifa, watu wamekaa. Kwao kila mtu alijua hivyo.

Nilikwenda kuurekodi baada ya mavuno ya pamba. Akasimama mbele ya mashine kama nilivyomwelekeza.

"Mimi ni Jilala wa Nkoma. Nimeamka jino linaniuma upande wa kulia. Mke wangu anatwanga, mnamsikia huyo. Na huyu Nkwimba amekuja na mashine yake, amekataa hata maji, sijui anamwogopa nani."

Kisha akaimba. Nikavunja vijino.

Miaka ikapita, kaseti zikafa, CD zikaja nazo zikafa. Ndipo Limi akafungua chaneli. Limi ni mtu mzima, ana duka lake la kuchapa na kutoa nakala karibu na stendi, ana watoto, ana kauli. Tukakaa tukihamisha kaseti zangu kwenye kompyuta moja moja, nami nikamwomba Jilala ruhusa kwa mdomo, uwanjani kwake, akasema weka watu wasikie. Tukaweka nyimbo zake tatu, Machimu ikiwemo. Lakini hapo Limi akanigomea juu ya yale maneno ya mwanzo.

"Mama, mtu akifungua akamsikia mzee anaongelea jino, anahama."

"Ahame."

"Akihama hatupati watazamaji."

"Mtazamaji asiyetaka kujua anayemwimbia ni nani, akatazame paka."

"Ndiko wanakokwenda, mama."

Akaikata. Nilibishana jioni nzima, lakini kompyuta yake, chaneli kaifungua yeye, na ninyi mnajua mtoto akishakuwa na ufunguo wa duka mazungumzo yanakuwa mafupi. Machimu ikapanda mtandaoni bila jino, bila kutwanga, bila Jilala. Na kweli watazamaji wakaja wengi kuliko nyimbo zote.

Wakaja na wengine.

Asubuhi moja Limi kaingia na simu, uso umemshuka. Ujumbe ulikuwa kwa Kiingereza, akanieleza: chaneli yetu inatuhumiwa kuiba wimbo. Nikamwambia mjibu mjinga huyo. Akasema si mtu, ni mashine. Kabla hatujajua tufanye nini, likaja onyo la pili, juu ya wimbo mwingine wa Jilala, kisha la tatu. Onyo la tatu likisimama, ndani ya wiki chaneli inafutwa yote. Si ya Jilala peke yake. Sauti za watu walioko kaburini, zilizokuwa kwenye kaseti ambazo utepe wake ulishakatika tulipokuwa tunazihamisha, na kwenye kompyuta tulishazifuta kupata nafasi, nakala nyingine hazina.

Nataka hapa mkae msikilize, maana vijana wengi hamjui inavyokwenda. Kijana mmoja wa Binza, pale Maswa, jina lake Deo, kakulia Dar, ana studio chumba kimoja na anapiga muziki harusini. Alichukua sauti za nyimbo zile tatu kwenye chaneli yetu, akaweka mdundo chini yake, akaziandikisha kwa wale wanaosambaza nyimbo mtandaoni kwamba ni zake. Machimu akaiita Bibi Harusi wa Simiyu. Mashine ikazunguka kuangalia nani mwingine ana sauti ile, ikatukuta sisi, ikatuona sisi ndio wezi. Mashine haijui nani aliyetunga. Inajua nani aliyejiandikisha.

Hapa kwetu ng'ombe anakatwa sikio, kila ukoo na mkato wake. Mwizi wa ng'ombe akitaka kumuuza, anakata tena juu ya ule mkato, anaondoa kipande kikubwa zaidi, na mnadani anaonyesha alama mpya. Deo hakuwa na shida hata ya kukata. Sikio tulishamkatia sisi.

Mimi nilitaka kuingia kwenye ukurasa wake nimwandikie. Nilikuwa na maneno, mengine ya Kisukuma ambayo hata simu ingekataa. Limi akaniondolea simu mkononi.

"Ukimtukana kwanza, anafuta kila kitu. Utabaki na hasira na huna ushahidi."

Akapiga picha kioo cha simu, kila ukurasa, jina lake, tarehe aliyoweka, na linki akaihifadhi pembeni. Shikeni hilo. Mimi nilikuwa na miaka yote ya kazi na sikulijua.

Tukaenda kwa afisa utamaduni. Kijana mdogo, shati limenyooshwa, nikasema moyoni huyu atatuzungusha. Hakutuzungusha. Alituwekea viti, akasoma, akasema mnaweza kuweka pingamizi, na huyo Deo akishindwa kwenda mahakamani, kazi zenu zinarudi. Lakini mkiweka pingamizi mnaweka majina yenu na mnaapa kwamba mna haki.

"Mkataba wako na mtunzi uko wapi, mama?"

"Tulikubaliana."

"Wapi?"

"Uwanjani kwake."

"Mama yangu, uwanja hatuwezi kuupandisha mtandaoni."

Nilitaka kukasirika, lakini nilikosa pa kushikia. Alisema kweli. Akatueleza na habari ya ofisi ya hakimiliki, kwamba mtu anaandikisha kazi yake kabla hajaitoa nje, si baada ya kuibiwa, maana baada ya kuibiwa mnakuwa wawili mnaosema ni yangu. Akaandika karatasi ya makubaliano, fupi, akasema nendeni kwa huyo mzee aweke dole gumba, na mumpige video akisema kwa mdomo wake.

Mchana huohuo nilikuwa juu ya bodaboda kuelekea Nkoma, Limi nyuma yetu kwenye nyingine. Siwezi kusubiri kesho kitu kikiwa kinaungua. Nilifika vumbi limejaa mpaka masikioni.

Jilala alikuwa amekaa nje anasuka kamba. Hakuinuka.

"Mwadila, baba Jilala."

"Mwadila." Akaendelea kusuka.

"Nimekuja."

"Nakuona. Umekuja kuchukua na ngozi yake?"

Nikajua amesikia. Mjukuu wake alimchezea kwenye simu. Machimu anapigiwa ngoma ya disko, na jina limeandikwa la mtu mwingine. Jilala alidhani mimi nimemuuza.

"Ningekuuza ningekuja na vumbi hili?" nikamwambia.

"Watu wakiuza huwa wanakuja. Wanataka kuuza tena." Akaweka kamba chini. "Uliniambia watu watasikia. Hukuniambia watasikia bila mimi."

Limi akapiga magoti palepale mavumbini, akasema ni yeye aliyekata. Akaeleza ya watazamaji, ya kuhama, ya paka. Jilala akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema dole gumba lake halina haraka, na kwamba ana shida kubwa kuliko chaneli yetu. Ameitwa Binza.

Ilikuwa hivi. Mzee mmoja wa Binza, Maduhu, alikuwa anaoza binti yake. Muziki kaletwa Deo. Bibi harusi anaingia ukumbini, ameshikwa mkono, kina mama wanapiga vigelegele, na Deo anaachia wimbo wake mpya. Vijana wanacheza. Wazee wa Kisukuma wanatazamana. Binti anatembea kuelekea kwa mumewe na spika inamwambia tunagawana mbavu zako, ngozi yako iko juani. Bibi yake mzaa baba aliinuka akatoka nje. Maduhu akazima jenereta kwa mkono wake. Tangu siku ile nyumba mbili hazielewani, upande wa mume wanasema binti amelaaniwa, na mtu mmoja akatambua sauti: huyo anayeimba ni Jilala wa Nkoma. Kwa hiyo Jilala ndiye mchawi.

"Nimekaa na watu hawa maisha yangu yote," akaniambia. "Sasa nikipita, watoto wanavutwa ndani."

Sikumwambia tena habari ya dole gumba. Nilimwambia tutakwenda wote, nami nitakuja na kaseti.

Kaseti ya Machimu ilikuwa mojawapo ya zile ambazo utepe haukukatika. Nikachukua na redio-kaseti yangu kubwa, nikanunua betri mpya. Nilizinunua mbili mbili dukani kwa watu tofauti, nikazijaribu zote kwa ulimi. Sikutaka vifaranga Binza.

Tulikaa uani kwa Maduhu, mchana, jua kali, wazee kwenye viti, kina mama kwenye mikeka, bibi harusi mwenyewe amesimama mlangoni. Deo alikuwepo. Kijana mzuri tu, kofia kichwani, akaambiwa avue akavua. Maduhu akaanza na Jilala, kwa nini umemwimbia binti yangu mambo ya bucha. Jilala akasema mwulize Nkwimba.

Nikasema kwanza huyu kijana aeleze wimbo kautoa wapi.

"Bi mkubwa, mimi nimefanya remiksi," Deo akasema. "Halafu hizi ni nyimbo za asili. Nyimbo za asili hazina mwenyewe."

"Hazina mwenyewe, lakini umejiandikisha wewe."

Watu wakaguna. Akabadilika rangi kidogo, akanigeukia.

"Hata wewe, mama, wote tunajua ulianza kwa kudurufu kaseti za watu pale sokoni. Leo umekuwa polisi?"

Hilo alilitoa wapi sijui, lakini ni kweli, na sikuona sababu ya kuinama.

"Nilidurufu. Sokoni kote tulidurufu, na aliyetaka kunifunga angenifunga. Lakini kila kaseti niliandika jina la mwimbaji kwa mkono wangu, na nilikuwa nimeishia darasa la tatu, ilinichukua muda. Wewe una kidato cha nne na jina moja fupi la Jilala limekushinda."

Bibi mmoja mkekani akasema, "Mwache apumue, Nkwimba," na watu wakacheka.

Maduhu hakucheka. Akamuuliza Deo, "Wimbo huu unasema nini?"

"Unamsifu bwana harusi. Anaitwa, anaitwa Machimu."

"Bwana harusi ni Paulo."

"Ni jina la kisanii, mzee."

Hapo nikabonyeza. Utepe ukakoroma kidogo, kisha ikatoka sauti ya Jilala, kijana zaidi, inasema jino linaniuma upande wa kulia. Mchi unasikika nyuma yake. Mke wa Jilala alishafariki. Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka nilipomwona Jilala amenyoosha mkono kuelekea kwenye redio, halafu akaurudisha mapajani. Alikuwa hasikilizi jina lake. Anasikiliza mchi.

Kisha wimbo ukaanza, bila mdundo wa Deo. Ulipokwisha Jilala akaeleza kwa maneno ya kawaida, Machimu alikuwa nani, nyoka, mtaro, na kwamba wimbo ule anauimba nyumbani kwake ng'ombe akifa na haujawahi kwenda kwa mwali wa mtu. Bibi mzaa baba ndiye aliyemaliza kikao, si Maduhu.

"Kumbe ni kilio cha ng'ombe," akasema. "Mtoto wetu hajalaaniwa. Ameimbiwa na mpumbavu." Akamgeukia Deo. "Huelewi lugha, kwa nini huulizi? Tumejaa hapa."

Deo alikaa chini. Sitaki mumchukie sana, maana alichofanya baadaye alikifanya mwenyewe. Limi akamwendea, akamwonyesha kwenye simu pa kubonyeza ili kuondoa madai yake, la kwanza, la pili, la tatu. Mtandao ulikuwa unakatika, wakatoka wakasimama barabarani wameinua simu juu kama watu wanaomwagilia mti. Walirudi Deo ameshaondoa yote matatu, na Bibi Harusi wa Simiyu ameifuta kwenye ukurasa wake. Kisha akaenda mlangoni akamwomba radhi bibi harusi, kichwa wazi. Na kabla hajaondoka, Jilala akamketisha mbele yake, akamfundisha wimbo mstari kwa mstari, kila mstari na maana yake. Wazee wakawa wanamrekebisha matamshi. Ilikuwa adhabu ndefu kuliko faini yoyote.

Tulipotoka, Jilala akamwambia Limi alete ile karatasi. Akaweka dole gumba. Limi akampiga video akisema mimi ni Jilala wa Nkoma, nyimbo hizi ni zangu, Nkwimba nimemruhusu. Nikashusha pumzi ambayo nilikuwa nayo tangu onyo la kwanza.

"Hizo nyingine mbili," Jilala akaendelea, kamera bado inakwenda. "Machimu mfuteni."

Nikadhani sijasikia.

"Baba Jilala, ndiyo kwanza tumemrudisha."

"Mmemrudisha. Wabeja sana, nashukuru. Sasa nataka alale kwangu."

Nilimbishia. Nawaambia ukweli, nilimbishia kwa nguvu, palepale barabarani. Nilimwambia ndio wimbo unaosikilizwa kuliko yote. Nilimwambia tutarudisha jino na mchi, tutaandika maana chini, hakuna atakayekosea tena. Nilimwambia na karatasi sasa ipo.

"Karatasi inasema ni wangu?"

"Inasema."

"Basi nisikilize."

Limi alikuwa ananitazama. Akafungua chaneli, akaitafuta Machimu, akanipa simu mkononi.

"Bonyeza wewe, mama."

Mashine ikauliza kama nina uhakika. Inauliza hivyo kila mara, lakini siku ile niliona inanijua. Nikabonyeza. Kisha nikaitoa kaseti kwenye redio, nikampa Jilala. Akaigeuza akatazama nyuma, akapitisha kidole palipokuwa na vijino.

"Hawezi kuimba mtu juu yake?"

"Mpaka atafute karatasi," nikasema.

Sasa mnajua kwa nini nainuka kwenda dirishani. Deo alifuta yake, sisi tukafuta yetu, lakini ile ya mdundo ilishaingia kwenye memori kadi za watu, inazunguka Simiyu nzima. Nimeshaikuta kwenye mashine ya kusaga Maswa. Nimeshaikuta kwa kinyozi. Kila nikiikuta namwambia mwenye simu huyo ni maksai, na mwenyewe yuko Nkoma, hataki. Wengine wanafuta mbele yangu. Wengine wananiambia nenda zako bibi. Naenda, lakini kwa mwingine.

Nyinyi mnaotunga, jitajeni katikati ya wimbo, si mwanzoni tu, maana mwanzo unakatika. Mnaorekodi, chukueni dole gumba kabla ya sauti. Na mtu akikwambia kitu chake kisiende mbali, usimwambie kwamba kina watazamaji wengi.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Bariadi, vyumba vinne, kimoja hakina dari. Nina redio-kaseti mbili, moja inafanya kazi. Nina sanduku la bati la kaseti, zote zimevunjwa vijino. Nina chaneli pamoja na Limi, kila wimbo unaanza na mtu anajitaja, na wanaotaka kuhama wanahama. Nina karatasi zenye madole gumba, zimefungwa kwenye khanga ya Luhende. Nina ng'ombe wanne Sapiwi, masikio yamekatwa mkato wa baba. Machimu sina.